Mahakama ya Kadhi ndani ya Katiba ya Kenya: kisa cha Kifungu cha 170

Mwaka 2010 Wakenya waligawanyika juu ya swali moja: Mahakama ya Kadhi itajwe ndani ya Katiba, au iondolewe? Viongozi wengi wa makanisa walisema iondolewe. Waislamu wakasema ni haki waliyoikuta, si zawadi waliyoomba juzi. Kelele zikapanda, na katika kelele hizo ni wachache waliokaa wakayasoma maandishi yenyewe neno kwa neno.

Maandishi hayo ndiyo yenye uzito. Katiba ya 2010 haikuipanua Mahakama ya Kadhi, iliibana. Iliwapa Waislamu, ambao ni takriban asilimia 11 ya Wakenya, kinga ambayo dini nyingine nchini haina, kisha ikaizungushia masharti ambayo Katiba ya zamani haikuwa nayo. Anayekiita Kifungu cha 170, kinachoanzisha Mahakama za Kadhi, upendeleo mtupu hajakisoma mpaka mwisho. Na Muislamu anayedhani kwamba kinamkinga na kila hoja ya usawa hajasoma Kifungu cha 24(4), kinachoweka mpaka wa kinga hiyo. Vifungu hivi viwili havisomeki kimoja bila kingine, na kesi zinazoumiza familia leo hutokea pale vinapokutana.

Ahadi ya mwambao

Ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Kwa mkataba wa 1895 Waingereza waliutawala kwa niaba yake. Mwaka 1920 bara ilipofanywa koloni, ukanda huo ulibaki himaya: bendera ya Sultani ikaendelea kupepea, na utawala wa kila siku ukapita kwa liwali (gavana wa Sultani), mudiri (msimamizi wa eneo chini yake) na kadhi. Kwa hiyo kadhi wa Mombasa au Lamu hakuletwa na Katiba ya Kenya. Alikuwepo kabla ya Kenya kuwa nchi.

Uhuru ulipokaribia, sehemu ya watu wa mwambao walitaka kujitenga au angalau kuwa na mamlaka yao. Tume ya Sir James Robertson ya 1961 ilipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, lakini kwa dhamana. Dhamana hizo ziliandikwa Oktoba 1963, katika barua kati ya Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, na mkataba ukatiwa saini London tarehe 8 mwezi huo. Kenya iliahidi uhuru wa kuabudu, kulindwa kwa majengo ya dini, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu kadiri itakavyowezekana, kutambuliwa kwa hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa, na kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatahifadhiwa wakati wote. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi ya Zanzibar yalimwondoa Sultani na serikali ya Shamte. Aliyeahidiwa hakuwepo tena wa kudai. Ahadi ikabaki na nguvu ile tu iliyopewa na Katiba ya Kenya yenyewe.

Hili husahauliwa na pande zote mbili. Muislamu anayesema "tuna mkataba na Mwingereza" anashika karatasi ambayo hakuna mahakama ya Kenya itakayoitekeleza peke yake. Na Mkristo anayesema mahakama hizi ziliingizwa kwa hila mwaka 2010 anaruka nusu karne ya historia.

Kifungu cha 66 cha Katiba ya zamani kilisema kutakuwa na Kadhi Mkuu na makadhi wengine wasiopungua watatu, wenye mamlaka ya kuamua masuala ya sheria ya Kiislamu kuhusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka au mirathi, katika mashauri ambayo wahusika wote ni Waislamu. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967, yaani Sura ya 11, ikaweka utaratibu, na mahakama zikafika pia nje ya pwani, Nairobi na Kaskazini Mashariki zikiwemo. Sheria hiyo ina kipengele ambacho wakosoaji wengi hawakijui. Kifungu chake cha 6 kinaruhusu kanuni za ushahidi za Kiislamu zitumike, lakini kinaamuru kwamba mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini, jinsia au vinginevyo, na kwamba kila jambo la ukweli liamuliwe kwa kupima uaminifu wa ushahidi, si kwa kuhesabu idadi ya mashahidi. Maana yake, tangu 1967, katika mahakama ya kadhi ya Kenya shahidi mwanamke mmoja anayeaminika anaweza kumshinda mwanamume asiyeaminika. Hofu nyingi zilizosambazwa mwaka 2010 zilihusu jambo lililokuwa limetatuliwa miaka 43 nyuma.

Rasimu zilizoamsha hofu

Kama mambo yangebaki hapo, huenda pasingekuwa na ugomvi. Uliochochea moto ni mchakato wa kuandika katiba mpya. Rasimu ya tume ya Yash Pal Ghai ya 2002 ilitaka ngazi za makadhi hadi kwenye mahakama yao ya rufaa, na iliongeza mamlaka yao yaguse madai ya kiraia na ya kibiashara kati ya Waislamu. Hapo suala la ndoa na mirathi likaanza kuonekana kama mwanzo wa mfumo kamili wa mahakama sambamba. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa kosa la kimkakati. Kilichokuwa kikilindwa kwa hoja ya historia na imani, kikaombewa nyongeza ambazo hoja hizo haziwezi kuzibeba. Deni la duka si ibada.

Rasimu iliyopelekwa kwenye kura ya maamuzi ya 21 Novemba 2005 ilijaribu njia nyingine: iliweka mahakama za Kikristo, za Kadhi na za Kihindu kwa pamoja, ili kila dini ipate yake. Ilikataliwa kwa takriban asilimia 58, kwa sababu nyingi ambazo dini ilikuwa moja tu kati yake. Suluhu ya kugawia kila mtu kitu haikumridhisha mtu. Wakristo hawakuwa wameomba mahakama, na Waislamu waliona haki yao ya kale ikigeuzwa fungu la mgao.

Wakati huo kesi ilikuwa tayari mahakamani. Mwaka 2004 viongozi wa makanisa walimshtaki Mwanasheria Mkuu wakidai kwamba Kifungu cha 66 kinawabagua wasio Waislamu na kwamba fedha za umma hazipaswi kulipia mahakama ya dini moja. Hukumu ya majaji watatu wa Mahakama Kuu ilitoka tarehe 24 Mei 2010, wiki kumi kabla ya kura ya maamuzi. Ilisema Kifungu cha 66 kinapingana na cha 82 kilichokataza ubaguzi, na kwamba kuzieneza mahakama hizo nje ya ukanda wa maili kumi hakukuwa halali kikatiba. Lakini majaji hao hao walikubali kwamba hawana uwezo wa kufuta kifungu cha Katiba. Kazi hiyo ni ya Bunge na wananchi.

Hukumu hiyo ilishangiliwa na kulaaniwa, ingawa mchango wake mkubwa ulikuwa kuonyesha tatizo la kiufundi. Katiba moja inasema "usibague kwa dini", na hapo hapo inaunda mahakama kwa misingi ya dini. Vifungu viwili vya hadhi sawa vikigongana, kipi kinapisha kingine? Katiba ya zamani ilikuwa na jibu la jumla mno. Kifungu cha 82(4) kilitoa sheria zote za mambo binafsi, yaani ndoa, talaka, kuasili, mazishi na mirathi, nje ya katazo la ubaguzi, ziwe za dini au za mila. Chini ya mwavuli huo mabinti wa jamii nyingi, Waislamu na wasio Waislamu, walinyimwa urithi kihalali.

Maandishi ya 2010

Kamati ya Wataalamu iliyoongozwa na Nzamba Kitonga ilirudi kwenye umbo la zamani na kuacha nyongeza zote. Mahakama ya rufaa ya makadhi haipo, mamlaka ya biashara hayapo. Bunge lilipitisha rasimu tarehe 1 Aprili 2010. Kampeni ilikuwa chungu. Rangi ya kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu La, na tarehe 13 Juni mabomu yalirushwa kwenye mkutano wa maombi wa upande wa La katika bustani ya Uhuru, Nairobi, watu wakafa. Tarehe 4 Agosti kura 6,092,593 zilisema Ndiyo na 2,795,059 La. Katiba ikatangazwa rasmi tarehe 27 Agosti. Kwa kuwa Wakristo ndio wengi nchini, hesabu inaonyesha wazi kwamba mamilioni yao waliikubali rasimu yenye Mahakama ya Kadhi ndani yake, licha ya wito wa viongozi wao.

Walikubali nini hasa? Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya Taifa. Cha 169 kinaiweka Mahakama ya Kadhi miongoni mwa mahakama za chini, pamoja na za mahakimu na za kijeshi. Cha 170(2) kinataka kadhi awe Muislamu na awe na elimu ya sheria ya Kiislamu ya madhehebu yoyote ambayo Tume ya Huduma za Mahakama itaona inatosha. Hakitaji jinsia.

Kisha 170(5). Mamlaka yamewekewa mipaka kwa masuala ya sheria ya Kiislamu kuhusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka au mirathi, katika mashauri ambayo wahusika wote ni Waislamu na wanakubali mamlaka ya mahakama hizo. Sehemu ya mwisho, kukubali, haikuwemo katika Kifungu cha 66. Zamani ilitosha wote kuwa Waislamu. Sasa imani haitoshi, hiari inahitajika. Kwa maneno mengine, kinga ya jamii imepewa mlango wa kutokea kwa kila mtu aliye ndani yake.

Na 24(4): masharti ya usawa katika Sura ya Nne, ile ya haki za msingi, yatapunguzwa kwa kiwango kile tu kinacholazimika kabisa ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Mahakama za Kadhi, kwa watu walio Waislamu, katika mambo yale manne. Msamaha mpana wa 82(4) ulifutwa. Mila hazina tena kinga dhidi ya usawa. Sheria ya Kiislamu peke yake ndiyo iliyobakiziwa, na kwa kipimo chembamba. Hii ndiyo sababu tunasema mahakama ilibanwa. Pia ndilo jibu la hukumu ya Mei 2010: vifungu havigongani tena, kwa kuwa Katiba yenyewe imesema kipi kinapisha kipi, na kwa kiasi gani.

Hesabu ya urithi mmoja

Ni rahisi kuzungumzia usawa hewani. Tuchukue mfano wa kubuni: mwanamume Muislamu wa Sunni amefariki, madeni na gharama za mazishi zimelipwa, na imebaki mali ya shilingi 7,200,000. Ameacha mke, mama, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja.

Kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu kama ilivyofafanuliwa na wanazuoni, mke hupata thumuni (moja ya nane) kwa kuwa kuna watoto: 900,000. Mama hupata sudusi (moja ya sita): 1,200,000. Inayobaki, 5,100,000, huenda kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja: 3,400,000 na 1,700,000.

Kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inayotumika kwa wasio Waislamu, mke angechukua vyombo vya nyumbani na kufaidi mali iliyobaki maisha yake yote bila kuimiliki, kisha watoto wawili wagawane sawasawa. Mama wa marehemu asingekuwa na fungu la moja kwa moja. Angelazimika kuthibitisha kwamba alikuwa akitunzwa na mwanawe, aombe kama mtegemezi.

Binti hapa anapoteza. Hilo lisemwe waziwazi, bila kulizungusha. Mama mzee anapata asichokipata kwingine, na mjane anamiliki fungu lake moja kwa moja badala ya kungoja ruhusa ya kuuza. Mtu anayepima mfumo huu kwa mstari wa binti peke yake, au kwa mstari wa mama peke yake, atakosea hesabu. Katiba iliruhusu tofauti hii ya kiume na kike kupita chini ya 24(4) kwa sababu imo katika Qur'ani kwa uwazi usio na mjadala kati ya madhehebu, na bila hiyo hakuna mirathi ya Kiislamu ya kutekeleza. Hiyo ndiyo maana inayoeleweka ya "kulazimika kabisa". Swali gumu ni kuhusu yale ambayo hayako wazi kiasi hicho.

Sheria humfuata marehemu, mahakama huwafuata wahusika

Makosa mengi ya kisheria katika mirathi ya Waislamu huanzia hapa. Kuna maswali mawili, na watu huyachanganya.

La kwanza: sheria gani itagawa mali? Kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Urithi, kilichoingizwa mwaka 1990, kinasema mali ya mtu aliyekufa akiwa Muislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Kinachotazamwa ni dini ya marehemu siku ya kufa. Dini ya warithi haibadilishi hilo.

La pili: mahakama gani itasikiliza? Hapa hutazamwa wahusika wa shauri. Mjane mmoja Mkristo, au mwana mmoja aliyeacha Uislamu, akiwa na dai katika mali hiyo, basi sharti la "wote" limevunjika na kadhi hana mamlaka. Shauri linakwenda Mahakama Kuu, ambayo bado itatumia sheria ya Kiislamu kugawa mali ya marehemu Muislamu. Na hata wote wakiwa Waislamu, asiyekubali kwenda kwa kadhi anaweza kwenda Mahakama Kuu, ambayo mamlaka yake chini ya Kifungu cha 165 ni mapana.

Kukosea mlango kuna gharama. Mahakama za Kenya zinafuata msimamo uliowekwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1989 katika kesi ya meli Lillian S: mahakama isiyo na mamlaka haichukui hatua hata moja zaidi. Hukumu ya kadhi aliyesikiliza shauri lenye mhusika asiye Muislamu inaweza kufutwa baada ya miaka, wakati shamba limekwisha gawanywa na vipande vimeuzwa. Kwa hiyo anayefungua shauri aeleze katika hati ya madai dini ya marehemu, aorodheshe kila mwenye dai na dini yake, na aseme kwamba wanakubali mamlaka ya kadhi. Asimfiche mke wa pili au mtoto wa nje akidhani ataokoa muda. Huyo ndiye atakayekuja kubomoa kila kitu. Asiyekubali naye aweke pingamizi la awali mapema, kabla ya kujibu hoja za msingi. Katiba haikusema kukubali kunathibitishwaje, na mtu aliyejibu madai, akaleta mashahidi na kungoja hukumu, atapata shida kueleza baadaye kwamba hakuwa amekubali. Tunadhani kanuni za mahakama zingetaka tamko la maandishi mwanzoni mwa kila shauri, lisomwe kwa lugha ambayo mhusika anaielewa, zingeondoa mabishano mengi. Mjane anayeletwa mahakamani na shemeji zake, hajui kusoma na hajui kwamba ana mlango mwingine, hajakubali kwa maana yoyote ya kweli.

Yapo pia mambo ambayo watu hupeleka kwa kadhi na hayamo katika orodha ya manne. Ulezi na matunzo ya watoto baada ya talaka yana mahakama yake chini ya Sheria ya Watoto, na amri za makadhi kuhusu watoto zimekuwa zikipingwa kwa hoja hiyo. Mgogoro wa ardhi na mtu aliyenunua kwa mrithi mmoja kabla ya mgao haugeuki kuwa mirathi kwa sababu tu muuzaji ni mrithi. Mali ya ndoa ina utaratibu wake: Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 kinasema Muislamu *anaweza* kuongozwa na sheria ya Kiislamu. Ni ruhusa, si amri.

Asiyeridhika na kadhi hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Katika rufaa hiyo Kadhi Mkuu au makadhi wawili huketi na jaji kama washauri, utaratibu uliomo katika Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai. Jaji asiye Muislamu basi haachwi peke yake na vitabu vya fiqhi, lakini uamuzi ni wake.

Wachache walio ndani ya wachache

Hiari ya 170(5) huzungumzwa zaidi kuhusu wanawake, na ni sawa. Lakini inawagusa pia Mashia, ambao ni wachache ndani ya Waislamu wa Kenya: Maithnaasheri, Mabohora, Maismailia. Tofauti si ya jina tu. Mtu akifa akaacha binti mmoja na ndugu wa kiume, fiqhi ya Kisunni humpa binti nusu, na nusu ya pili huenda kwa ndugu kama asaba, yaani mrithi wa kinachobaki. Kwa fiqhi ya Jaafari, ya Kishia, binti huchukua yote na ndugu hapati kitu. Kwa binti huyo, nani anayeketi kitini na anafuata fiqhi gani ni suala la nusu ya mali ya baba yake. Wengi wa makadhi wa Kenya wamesomea fiqhi ya Kishafi, ambayo ni ya Kisunni. Katiba ya zamani ingemfikisha mbele yao kwa kuwa tu ni Muislamu. Ya sasa inampa nafasi ya kukataa, na hiyo ni faida ambayo waliopigania kifungu mwaka 2010 hawakuitangaza vya kutosha.

Watoto wa nje ya ndoa: hukumu ya Juni 2025

Mipaka ya 24(4) ilipimwa kwa ukali katika kesi iliyoanzia Mahakama Kuu ya Mombasa. Mwanamume Muislamu alifariki akiacha mjane na watoto wa ndoa, na kukatokea watoto wengine waliozaliwa na mwanamke ambaye ndoa yake naye haikuthibitishwa kwa sheria ya Kiislamu. Fiqhi ya Kisunni iliyo mashuhuri husema mtoto wa nje ya ndoa humrithi mama yake, si baba. Mahakama ya Rufaa ikaamua mwaka 2023 kwamba watoto hao hawawezi kunyimwa. Mjane akaenda Mahakama ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, na tarehe 30 Juni 2025 rufaa yake ikatupwa.

Mahakama ya Juu ilisema 24(4) si ruhusa ya jumla ya kuweka usawa kando. Ni upunguzaji wa kiwango kinacholazimika tu, na kumbagua mtoto kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wake hakupiti kipimo hicho. Nyuma ya hoja hiyo kuna Kifungu cha 53, kinachowapa wazazi wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la.

Viongozi wengi wa Kiislamu waliipinga, na hoja yao inastahili kusikilizwa kwa uzito wake. Mirathi ni sehemu ya dini iliyoandikwa kwa mafungu, nasaba ni msingi wake, na mahakama ya kiserikali ikianza kuchagua kanuni ipi ya mirathi inalazimika na ipi hailazimiki, imeingia kazi ya ulamaa. Sisi tunaona hukumu ilifuata maandishi. 24(4) inataja sheria ya Kiislamu inapotumika mbele ya Mahakama za Kadhi, na kesi hii haikuwa huko, ilikuwa Mahakama Kuu. Inasema kiwango kinacholazimika kabisa, na hakuna jaji anayeweza kupima ulazima bila kuuliza kanuni hii ikiondolewa kinabaki nini. Ukiondoa mafungu ya mbili kwa moja, mirathi ya Kiislamu haibaki ilivyo. Ukimwingiza mtoto wa nje, mafungu yanabaki yale yale, idadi ya warithi ndiyo inayobadilika. Wapo watakaosema hata hilo ni kugusa msingi. Lakini aliyepoteza chini ya kanuni ya zamani ni mtoto, ambaye hakukubali mamlaka ya mtu yeyote, na sharti la kukubali ndilo lililoifanya mahakama hii ikubalike katika nchi isiyo na dini ya Taifa.

Kwa Kifungu cha 163(7), uamuzi wa Mahakama ya Juu unazifunga mahakama nyingine zote, za makadhi zikiwemo. Kadhi wa Lamu au Garissa anayeletewa mtoto wa namna hiyo leo hawezi kuupita kimya. Anachoweza ni kuonyesha kwa nini shauri lililo mbele yake ni tofauti, na hoja ya kwamba kwake sheria ya Kiislamu inatumika "mbele ya Mahakama ya Kadhi" itajaribiwa bila shaka. Baba anayetaka kuepusha vita hiyo ana njia ambazo fiqhi yenyewe inazikubali. Anaweza kumwandikia mtoto huyo wasia usiozidi theluthi ya mali, kwa kuwa kwa fiqhi hiyo si mrithi na wasia kwa asiye mrithi ni halali. Anaweza pia kumpa hiba, yaani zawadi ya mali, akiwa hai na mzima, mbele ya mashahidi, na kumkabidhi mali kweli kweli, kwa sababu hiba isiyokabidhiwa hurudi kwenye mirathi siku mtoaji anapokufa. Kama ni ardhi, hati ibadilishwe jina kabla, si baada.